Neno Lililombakia Mzee Timazi

Vibarua ndio waliompa jina la Timazi, na walimpa kwa heshima, maana kwenye ujenzi hakuna anayelicheka timazi. Ni kile kipande cha chuma kizito kinachoning'inizwa kwa uzi kando ya ukuta ili kuonyesha kama umesimama wima au umelala. Mzee huyu hakuwa na ukuta uliolala. Alikuwa mwashi miaka arobaini, na kuta zake ungezipitishia jicho pembe hadi pembe usione tumbo wala mgongo. Kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa kwa mihula minne, alikuwa vilevile: viatu vinang'aa, tai imekaa katikati, sala imenyooka, ina msingi, ina kuta, ina paa. Akiomba, akina mama walifuta machozi. Akimaliza, watoto walikuwa wameshalala, maana sala zenyewe hazikuwa fupi, tusidanganyane.

Hayo ni ya Jumapili. Sasa wiki ina siku saba, jamani, na mtu hahamii kanisani.

Siku sita zilizobaki mzee alikuwa na neno lake. Halikuwa tusi, tusi angelitubia. Lilikuwa neno dogo ambalo wewe na mimi tunalisema kila siku bila kufikiri: bure. Kibarua akichanganya saruji ikawa nyepesi, "Bure!" Chai ikikosa sukari, "Bure!" Mkunjo ukibaki kwenye kola ya shati lililopigwa pasi, "Bure kabisa!" Mkewe akianza kumweleza jambo, hajafika hata katikati, mzee alishapunga mkono: "Bure wewe. Hebu nyamaza." Wala hakuwa na hasira alipolisema, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alilisema kama mtu anavyokohoa. Ungemuuliza, angekuapia kwamba hana neno na mtu. Alikuwa akiwalisha watu wake, akiwavisha, na hakuwahi kumwinulia mkewe mkono hata siku moja, jambo ambalo alipenda kulitaja mbele za wageni.

Wahenga walisema, lililo moyoni ulimi huiba. Ulimi wa mzee uliiba mchana kweupe miaka thelathini na minne ya ndoa, na mwenye nyumba hakushtuka hata kidogo.

Mtoto alikuwa mmoja tu, wa kiume. Alipomaliza shule baba akamchukua kazini, wakafanya kazi pamoja miaka tisa. Alimfundisha vizuri, tusimnyime haki yake: kupata pembe ya mraba kwa vipimo vya tatu, nne na tano, kulowesha tofali kabla ya kulilaza, kukaza kamba mpaka ukiigusa inalia. Lakini kila mstari wa tofali alioupanga kijana, baba aliutazama kwa jicho moja na kusema, "Bure. Bomoa." Mbele ya watu. Mara ya kwanza na ya pili vibarua walicheka. Baadaye wakawa wanatazama chini na kujifanya wanatafuta kitu kwenye mchanga.

Mwaka wa tisa mzee akaugua homa siku tatu, na kijana akapandisha peke yake ukuta mzima wa stoo ya shule. Siku ya nne mzee akaja. Akapanda ngazi, akateremsha timazi kutoka juu. Uzi ukalala na ukuta kama umechorwa hapo. Akaweka pima maji. Kiputo kikasimama katikati. Akazunguka upande wa pili, akaweka tena. Vibarua walikuwa wameacha kazi. Kijana alisimama na mwiko wake mkononi, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, amekodoa macho kama mtoto anayesubiri karatasi ya mtihani.

Mzee aliuona ukuta. Tena aliuona vizuri sana. Alijua kwamba yeye mwenyewe, kwa umri ule, hakuwahi kujenga ukuta kama ule. Akafungua kinywa, na wala hakujua atasema nini.

"Bure," akasema, akaanza kukunja uzi.

Kijana akauweka mwiko juu ya ndoo, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, akaondoka. Hakugombana na mtu. Alihamia mji mwingine, akaendelea na uashi huko, akawa anampigia mama yake simu kila mwisho wa wiki. Kwa baba alituma salamu. Miaka sita ikapita namna hiyo, na mzee aliposikia salamu alisema unajua nini, sina haja ya kukwambia.

Kisha kiharusi kikaja. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mzee ameketi kitandani anafunga kamba za viatu, na kamba zikamponyoka. Akaziokota, zikamponyoka tena. Akaanguka kifudifudi kati ya kitanda na kabati. Mkewe alipofika, mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mguu wa kulia hivyohivyo, na mdomo umevutwa upande mmoja.

Siku mbili hospitalini hakutoa sauti. Siku ya tatu mkewe alimnywesha maji kwa kijiko, na mzee akataka kusema asante. Elewa vizuri hapo: akili ilikuwepo. Neno asante lilisimama kichwani mwake limevaa na kuchana nywele, linasubiri kutoka. Akafungua mdomo.

"Bure," akasema.

Alishtuka kuliko mkewe. Akajaribu kusema hapana, sikukusudia hilo. "Bure." Akajaribu kuita maji. "Bure." Akataka kumwita Mungu. "Bure kabisa!" Hapo akaanza kulia, na mkewe akamfuta uso kwa kitambaa, kimya, kama mtu aliyeshaambiwa jambo lilelile mara elfu.

Muuguzi wa wodi ile alikuwa mama wa makamo, mpole, anayejua kazi yake. Akavuta kiti.

"Mama, usiogope. Ugonjwa huu ukipiga upande wa kichwa unaotunza usemi, maneno hupotea. Wengine hubakiwa na moja au mawili. Mara nyingi ni lile lililotumika sana, mpaka likajichimbia njia yake. Nimewahi kumhudumia bibi mmoja alibaki na Yesu, Yesu, basi. Na mwingine, utanisamehe, alibaki na tusi." Akamtazama mgonjwa, akamtazama mke. "Huyu mzee, neno hili alikuwa analitumia?"

Mkewe akakikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Mara mojamoja," akasema.

Mara mojamoja! Mzee alilala pale akisikia mkewe akimfunika aibu, tena kwa neno alilolitafuta kwa taabu mpaka akalipata. Alianza kuhesabu. Kwa siku ni mara ngapi? Kumi? Kumi na tano? Kwa wiki, kwa mwaka, kwa miaka thelathini na minne? Mwashi anajua kukadiria tofali za nyumba nzima kwa kutazama kiwanja tu, lakini hesabu ile ilimshinda, akaiacha.

"Basi tujaribu sala," muuguzi akasema. "Mtu wa kanisa, sala haipotei. Wanaoshindwa kutaja hata majina ya watoto wao, ukiwaanzishia Sala ya Bwana wanaimaliza."

Wakaanza, muuguzi na mke, taratibu. Mzee akafuata. Alifuata barabara, aliijua ile sala tangu hajaota meno ya pili. Mapigo yake yote aliyapata, panapopanda alipanda, panaposhuka alishuka, hata vituo hakukosea. Lakini kilichotoka mdomoni, toka mwanzo hadi amina, kilikuwa bure, bure, bure, bure. Muuguzi aliacha kabla haijafika mwisho. Wapo watu wakisimuliwa hapa wanacheka. Mimi siwezi.

Wakamrudisha nyumbani. Jumamosi ya kwanza likaja kundi la kanisa kumwona, watu kumi na wawili, mchungaji mbele. Sebule ikajaa, wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mchungaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Akamshika mzee mkono ule mzima, wa kushoto, akainama.

"Mzee wetu, tumekukosa. Una neno gani kwa kanisa lako?"

Mkewe alikuwa anatoka jikoni na sinia la vikombe. Akasimama palepale.

"Bure!" mzee akasema.

Mtu akakohoa. Kisha mama mmoja wa kwaya, yule mwenye sauti ya kwanza, akarusha mikono juu. "Haleluya! Neema ni bure!"

"Eeeh!" sebule ikaitikia. "Wokovu ni bure!"

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu kadiri alivyoweza. Sivyo, watu wangu, sivyo. "Bure kabisa!" akafoka.

"Kabisa!" mchungaji akaruka. "Mmesikia? Kabisa! Mungu amemwondolea mzee maneno yote, akamwachia injili tupu!" Watu wakaimba, wakalia, wakakumbatiana. Mke akaliweka sinia chini juu ya meza, vikombe vikagongana, akarudi jikoni akafunga mlango. Chai waligawiana wenyewe.

Habari ikaenea upesi. Waliosikia walisema kweli mzee yule alikuwa mtu wa Mungu. Ona, hata akili ilipomtoka, moyo umebaki na kilichokuwa ndani yake. Na walisema kweli bila kujua wanasema nini! Mchungaji akatangaza ibada ya shukrani, Jumapili ya wiki iliyofuata, mzee aletwe kwenye kiti cha magurudumu atoe ushuhuda. Hakuna aliyemuuliza mkewe.

Na mkewe naye alikuwa na lake. Jumatatu, akimwogesha mumewe, ameshika beseni kwa mkono mmoja na sifongo kwa mwingine, alisema bila kumtazama:

"Mwanao anakuja Jumapili. Nimemwambia hujiwezi. Lile neno sijamwambia. Nimeshindwa."

Mzee akamgeuzia uso. Anakuja! Miaka sita, halafu anakuja, na mlangoni atapokewa na neno lilelile lililomtoa. Hapana. Kitu kimoja tu mzee alikitaka kutoka siku hiyo, akakitaka kuliko mguu wake na mkono wake: amwambie mwanawe kwamba ule ukuta ulikuwa sawa. Sentensi nzima haiwezekani, alijua. Basi angalau sawa. Silabi mbili tu, kama lile jingine. Mtu aliyetamka sala za nusu saa, atashindwa na silabi mbili?

Alianza mazoezi siku ileile. Mkewe akitoka kwenda bombani, mzee anageukia ukuta, anauweka ulimi nyuma ya meno, anasukuma hewa. "Ssss…" Hapo pazuri. Kisha midomo inajifunga yenyewe kama mlango wenye springi, na "bure" inatoka. Anaanza upya. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Jasho linamtiririka kama amebeba zege. Ijumaa asubuhi akasukuma hewa, akaishika midomo kwa vidole vya mkono wa kushoto isijifunge, na likatoka: "Sa… saa…"

Mungu wangu, furaha aliyoipata! Akasukuma tena. "Saa…"

Mkewe akachungulia mlangoni na ndoo yake. "Unauliza saa?" akasema. "Saa tatu na nusu." Akapita.

Jumapili wakaja na gari kumchukua. Wakamvalisha suti, tai wakaifunga upande. Kanisa lilijaa mpaka watu wa nje wakasimama madirishani. Wakamweka mbele kabisa, uso kwa watu, na mchungaji akamshikia maiki mdomoni.

"Kanisa, tuulize swali moja tu. Mzee wetu, wokovu ni nini?"

Mzee alifunga mdomo. Alikuwa ameazimia kutunza pumzi yake kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini mchungaji akamtikisa bega kwa upendo, akauliza tena, na neno likachomoka.

"Bure!" Vipaza sauti vikalirudisha kutoka kuta nne.

Kanisa likalipuka. Kinanda, ngoma, vigelegele. "Mara ya pili!" mchungaji akaita. "Bure!" likamchomoka mzee tena. "Na ya tatu!" Na mzee alipoinua macho, akamwona mwanawe.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, begi begani, vumbi la safari bado kwenye viatu. Amenenepa kidogo. Ameanza kuota mvi, mtoto wa juzi! Alikuwa anatazama watu mia nne wakimpigia makofi neno lile, wakilirukia, wakilikatia viuno vya furaha, na usoni mwake hakukuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake kwa makosa na anatafuta jinsi ya kutoka bila kusumbua wenyewe.

Sasa hivi, mzee akajiambia. Akaweka ulimi nyuma ya meno. "Sss…"

"Tulieni!" mchungaji akanong'ona kwenye maiki. "Tulieni, Roho anamsukuma."

Kanisa zima likanyamaza. Mzee akamkazia macho mwanawe, akasukuma kwa nguvu zake zote. "Ssss… sss… bure!"

Watu wakasimama juu ya mabenchi.

Ndipo mkewe akainuka. Alikuwa ameketi mstari wa pili, pembeni. Huyu ni mama ambaye kwa miaka yote kanisani hakuwahi kushika maiki, hata kutangaza msiba. Alitembea mpaka mbele, akamfikia mchungaji, akaichukua mkononi mwake kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Kaeni, jamani," akasema. Ilichukua muda wakakaa.

"Huyu hahubiri. Mnisamehe, ninyi ni watu wazuri, lakini hahubiri. Neno hilo halikuletwa na ugonjwa. Lilikuwepo nyumbani kwangu kabla ya ugonjwa, nimekaa nalo miaka thelathini na minne. Ndilo jina langu." Sauti yake haikupanda. "Ndilo jina langu, na la yule aliyesimama pale mlangoni na begi. Tulikuwa tunaitwa hivyo asubuhi na jioni. Sasa mnapolipigia makofi, mnatupigia sisi."

Hakuna aliyegeuka kutazama mlangoni, ingawa wote walitaka. Mchungaji alikuwa amepauka. "Mama," akasema, "mama yangu, hebu tuombe…"

"Ombeni," akasema. "Ila msipige makofi."

Akamrudishia maiki. Akazunguka nyuma ya kile kiti, akakisukuma mwenyewe katikati ya mabenchi, na watu wakavuta miguu kumpisha.

Nyumbani, kijana alikuja akasimama mbele ya kiti. Alikuwa amelelewa vizuri, na adabu haimtoki mtu kwa sababu ya hasira.

"Shikamoo, baba."

Marahaba, mwanangu. Marahaba mara mia, baba yangu, karibu nyumbani. Hilo ndilo lililokuwa kichwani.

"Bure," mzee akasema.

Kijana akaitikia kwa kichwa. "Haya," akasema, akaenda kuweka begi.

Kuanzia saa ile mzee akaufunga mdomo. Nasema akaufunga kabisa. Alifungua kupokea kijiko na akafunga tena upesi, kabla lile neno halijaona upenyo. Mkewe alidhani ni koo. Mchungaji alikuja Jumatatu, macho mekundu, akaomba msamaha kwa mke, akaondoka. Mzee hakumtolea hata pumzi. Alikuwa analinda. Mtu mzima wa miaka sitini na tisa ndiyo kwanza anajifunza kazi ambayo wengine hujifunza wakiwa na miaka mitano, na aliifanya kwa bidii yote aliyokuwa nayo.

Kijana hakukaa bure, kama wasemavyo watu wengine kwa maana yao nyingine. Nyumba ile ilikuwa na vidato viwili mlangoni, na kila kiti kilipotoka au kuingia mama alilazimika kukiinua kwa mgongo wake. Jumatatu kijana akaleta mchanga, kokoto na saruji. Akapima kimo cha vidato, akazidisha mara kumi na mbili, akapata urefu wa mteremko. Hapo hata mtoto angesukuma. Akafunga mbao pembeni, akamwaga zege, akalisawazisha. Kabla halijakauka akachukua ufagio akalipitishia kwa upande, lipate michirizi ili magurudumu yasiteleze mvua ikinyesha.

Mzee aliwekwa dirishani, akaona yote. Ule ufagio! Yeye asingeukumbuka. Angelilainisha zege likawa kioo, na siku ya mvua mkewe angeanguka nacho kiti. Moyo wake ulijaa mpaka akasikia maumivu. Sawa, akasema moyoni. Sawa, sawa, sawa. Akajaribu chinichini, kwa pumzi tu, midomo imeshikwa kwa vidole. Hata "saa" ya Ijumaa haikuja. Ilikuwa imepotea pale kanisani.

Jumatano mbao zikatolewa, na kijana akafunga begi lake. Mkataba wake huko alikotoka ulikuwa haumsubiri. Akaagana na mama jikoni, muda mrefu. Kisha akaja sebuleni, akachuchumaa mbele ya kiti, magoti yakalia, wakawa macho kwa macho.

"Baba, naondoka."

Mzee akamtazama.

"Mama amenieleza ni ugonjwa. Muuguzi pia nimempigia, amenieleza. Nimeelewa. Pale mwanzo niliposikia kanisani nilitaka kugeuza nirudi nilikotoka, sikufichi. Lakini nimeelewa." Akapangusa vumbi la saruji kwenye kucha zake. "Sasa siku tatu hujanifungulia mdomo. Unamwangalia mama, unaangalia dirisha. Mimi sina ugomvi, baba. Sijui kama tutaonana tena. Sema lolote. Hata lile. Nisikie sauti yako tu, niondoke nayo."

Hata lile! Na lilikuwa pale pale, jamani. Lilikuwa limeshapanda, limebanana nyuma ya midomo, linasukuma. Angelegeza kidogo tu lingetoka. Lakini mzee alikuwa ameapa. Mtoto huyu ameshalipata la kumtosha. Hili moja la mwisho hatampa, hata akiliomba mwenyewe, hata akilia. Midomo ikaanza kutetemeka. Akainua mkono wa kushoto, akaufunika mdomo, akaukandamiza kwa nguvu mpaka meno yakamkata kwa ndani.

Jicho la kulia lilimtoka machozi, lakini jicho lile lilikuwa likitoka machozi tangu siku ya ugonjwa, kwa hiyo halikumwambia kijana kitu.

Kijana alimtazama mzee, akautazama ule mkono. Akasubiri. Alisubiri zaidi ya mtu anavyopaswa kusubiri, kisha akainuka, akajishika magoti, akachukua begi.

"Sawa, baba," akasema. "Sawa."

Akashuka kwa ule mteremko wake. Nje mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa, na gari likaondoka.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ameona kila kitu, na wa kuelewa alikuwa yeye peke yake, kwa sababu hakuna aliyekijua kinywa kile kama yeye. Akaja mbele ya kiti. Akaushika mkono wa mumewe uliokandamiza mdomo, akaubandua kidole kimoja kimoja; kwenye kiganja palikuwa na damu. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

"Miaka thelathini na minne nakuomba unyamaze," akasema. "Thelathini na minne. Unanyamaza leo?"